Canon, Nikon au Sony: Chagua Kasoro Unayoweza Kuivumilia

Muuzaji wa kamera katikati ya jiji la Nairobi huanza na namba: megapikseli, fremu kwa sekunde, 4K hii, 6K ile. Namba hizo si uongo, na ndizo zinazowafanya Canon, Nikon na Sony wakimbizane kila mwaka. Lakini weka bodi tatu (kamera zenyewe, bila lenzi) za daraja moja juu ya kaunta, yaani Canon EOS R6 Mark II, Nikon Z6III na Sony A7 IV, na utaona kwamba zote zinapiga picha nzuri. Hata bei zilizotangazwa zilipozinduliwa zilikaribiana mno, takriban dola 2,500 za Marekani bila lenzi. Zinapoachana ni pale kila moja inapokuangusha. Tathmini hii inaanzia hapo, na kipimo chake ni kazi za wikendi za jiji hili: harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), ibada, mikutano ya kampuni na video za mitandaoni.

Kwanza, hakuna kampuni kati ya hizi iliyo safi. Canon 5D Mark III ilipotoka mwaka 2012, taa ya skrini ndogo ya juu ilivujisha mwanga ndani na kuvuruga kipimo cha mwanga gizani. Septemba mwaka huohuo Nikon ikatoa D600, na kisa chake kinafaa kujulikana na yeyote anayenunua toleo jipya. Chembe za mafuta na vumbi ziliangukia kihisi cha mwanga. Madoa yalikusanyika hasa kona ya juu kushoto, na yalijitokeza ukipunguza tundu la lenzi hadi f/11 au f/16, kwenye anga au ukuta mweupe. Ukisafisha yanatoka, ukipiga picha nyingi tena yanarudi, kwa sababu chanzo kimo ndani. Oktoba 2013 ikaja D610, karibu kamera ileile ila shata mpya (pazia linalofunguka kupitisha mwanga). Ilipofika Februari 2014 ndipo Nikon ikatangaza kwamba itakagua D600 na kubadilisha shata bila malipo, na mwezi uliofuata, baada ya televisheni ya taifa ya China kulianika suala hilo, mamlaka za Shanghai zikaamuru kamera hiyo isiuzwe. Kwa hiyo ukiona D600 ya mtumba kwa bei ya kutamanisha, swali la kwanza ni kama shata ilibadilishwa, na la pili ni karatasi ya kuthibitisha iko wapi.

Linganisha na Nikon Z8 ya Mei 2023. Baadhi zilitoka na mdomo wa lenzi ambao lenzi haikukubali kuingia na kujifunga sawasawa, na nyingine vishikio vya mkanda vilikuwa vinalegea. Safari hii Nikon haikungoja. Ndani ya miezi michache ilitangaza namba tambulishi za bodi zilizohusika, mtu akaweza kuangalia yake kwenye tovuti, na matengenezo yakafanywa bure. Sony nayo ilikutana na mahakama: A7 III, iliyouzwa kwa shata iliyopimwa kudumu mizunguko 200,000, ilifunguliwa kesi ya pamoja Marekani na wateja waliodai kwamba shata zao zilikufa mapema mno.

Canon R5 ya Julai 2020 ndiyo inayoonyesha vizuri ushindani unavyosukuma vitu nje kabla havijaiva. Canon ilitaka kuwa ya kwanza kuweka 8K kwenye kamera ya kawaida isiyo na kioo cha ndani. Ikafaulu, lakini bodi imezibwa dhidi ya vumbi na maji, haina feni, na joto la prosesa na la kadi halina pa kutokea. Vipimo vya Canon yenyewe, katika chumba cha nyuzi 23 za Selsiasi, vilikuwa dakika 20 za 8K, dakika 30 za 4K ya ubora wa juu, na dakika 15 za 4K ya fremu 120. Kisha usubiri ipoe. Agosti ikaja programu ya ndani toleo 1.1.0 iliyoboresha namna kamera inavyohesabu joto, na hali ikawa nafuu, ingawa haikuisha. R5 C ya Januari 2022 ikaja na feni kabisa, na R5 Mark II ya Julai 2024 ikapewa kishikio cha betri chenye feni, cha kununua kando. Yaani kasoro ya modeli ya kwanza iligeuka bidhaa mbili mpya.

Sasa turudi kwenye zile tatu za kaunta.

Canon R6 Mark II

Ilizinduliwa Novemba 2022 ikiwa na megapikseli 24.2. Fokasi yake hushika jicho la bibi harusi na haimwachi hata shela likipita mbele. Ina matundu mawili ya kadi za SD za kasi ya UHS-II, na hilo ni jema kwa mfuko kwa sababu kadi za SD unazo tayari. Video ya 4K ya fremu 60 inatumia upana wote wa kihisi bila kukata pembeni.

Kasoro yake imejificha nyuma ya tangazo la fremu 40 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ya shata ya kielektroniki peke yake, na ukiiwasha mambo matatu hubadilika bila kamera kukupigia kelele: flashi haiwaki, data ya picha ghafi (RAW, isiyochakatwa) inashuka kutoka biti 14 hadi 12, na vivuli ukivipandisha kwenye kompyuta vinatoa chembechembe mapema. Kwa shata ya kimitambo unapata fremu 12, na hizo zinatosha harusi yoyote. Ushauri: weka shata ya kimitambo au ile ya pazia la kwanza la kielektroniki kwenye C1 (nafasi ya kuhifadhi mipangilio yako), ya kielektroniki kwenye C2 kwa maombi na viapo ambapo mlio unakera, na usichanganye.

Kasoro ya pili ni tundu la HDMI dogo. Ukitumia skrini ya nje kila wiki, tundu hilo litalegea. Nunua kibano cha kushikilia kebo siku ileile unaponunua kamera, maana kulibadilisha kunamaanisha kufungua bodi.

Ya tatu ni siasa ya kibiashara. Mwaka 2022 Canon iliibana Viltrox ikaacha kuuza lenzi za RF (mdomo wa kamera hizi mpya za Canon) zenye fokasi ya kiotomatiki, na Aprili 2024 Sigma na Tamron walipopewa ruhusa, lenzi walizotangaza zilikuwa za vihisi vidogo vya APS-C. Kwa fremu kamili (kihisi kikubwa kama cha R6 Mark II) yenye fokasi ya kiotomatiki unabaki kwa sehemu kubwa na Canon na bei zake. Lakini Nairobi hili haliumi kama linavyoonekana kwenye mabishano ya ng'ambo, kwa sababu miaka ya 5D na 6D iliacha lenzi za EF (za mdomo wa zamani wa Canon) nyingi mikononi mwa watu. Adapta ya EF-EOS R haina kioo ndani, kwa hiyo haipunguzi ubora, na 70-200mm f/2.8 ya zamani hufanya kazi juu yake bila kusuasua.

Nikon Z6III

Hii ya Juni 2024, megapikseli 24.5, ndiyo imezua mabishano kuliko zote, na mengi ni ya watu wasioielewa. Kihisi chake kimepangwa kwa tabaka kwa sehemu tu: saketi za kusoma picha kwa haraka zimewekwa juu na chini ya eneo la picha. Faida yake ni kasi. Picha nzima inasomwa kwa takriban 1/70 ya sekunde, video ya 6K ghafi ya fremu 60 inarekodiwa ndani ya kamera, na kioo cha jicho kinang'aa kiasi cha kuona vizuri hata jua la saa saba likiwa linawaka Uhuru Gardens.

Gharama yake iko kwenye ISO 100, yaani usikivu wa chini wa kihisi kwa mwanga. Vivuli vya Z6III vina chembechembe zaidi ya vile vya Z6II iliyoitangulia. Unaona wapi? Si kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga sahihi. Unaona pale mpiga picha anapolinda gauni jeupe kwenye jua kwa kupunguza mwanga stopu tatu (kila stopu hukata mwanga nusu), kisha nyumbani anapandisha suti nyeusi ya bwana harusi. Kitambaa kinatoa mchanga, na ngozi nyeusi iliyo kivulini inapoteza ulaini wake. Ukipanda hadi ISO 800 na kuendelea, tofauti hiyo karibu inapotea, ndiyo maana wa ukumbini usiku hawalalamiki na wa mandhari wanalalamika. Tiba yake ni rahisi: usipunguze zaidi ya stopu moja na nusu, jaza kivuli kwa flashi au kibao cheupe, na uangalie kipimo cha mwanga badala ya kutegemea kompyuta. Mwenye mazoea ya kuokoa picha baadaye asinunue hii.

Jambo jingine linalokera ni kadi. Tundu moja ni la CFexpress aina ya B (kadi yenye kasi kuliko SD) na jingine la SD. Video ghafi inakwenda kwenye CFexpress tu, na ukirekodi picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja kwa usalama, kasi yako ni ya ile SD. Weka bei ya kadi na ya kisomaji chake ndani ya bajeti tangu mwanzo. Tundu la HDMI, hata hivyo, ni la ukubwa kamili, na flashi inawaka hata kwenye shata ya kielektroniki, japo mwisho ni 1/60.

Sony A7 IV

Ina megapikseli 33 na ilitoka Oktoba 2021, kwa hiyo ndiyo mzee wa meza. Picha zake za mwanga mdogo zina nafasi nzuri ya kukata na kupanua, betri ya NP-FZ100 inavumilia, na lenzi! Sony iliufungua mdomo wake wa E kwa wengine mapema, basi Sigma na Tamron wamejaza kila pengo. Tamron 28-75mm f/2.8 na Sigma 85mm f/1.4 zinafanya kazi ya kulipwa bila kukuacha na deni la lenzi za kampuni mama. Nikon nayo imekaribisha baadhi, kama Tamron 35-150mm f/2-2.8 ya Z, lakini bado orodha ya Sony ni ndefu.

Kasoro ni kihisi chake kusomwa polepole, takriban 1/15 ya sekunde. Kwenye shata ya kimya, yaani ya kielektroniki, mpira au gari linalopita linainama kama mnazi kwenye upepo, na chini ya taa za LED picha inapata mistari mipana ya giza na mwanga. Usiitumie shata hiyo ila kwa kitu kilichotulia chini ya mwanga wa dirisha. Video ya 4K ya fremu 60 inakata pembeni mara 1.5, hivyo lenzi yako ya 24mm inaona kama 36mm. Chumba kidogo cha ruracio kitakubana. Na zile fremu 10 kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi ni za picha ghafi iliyobanwa kwa kupoteza data. Ukichagua isiyopoteza, kasi inashuka hadi kama 6.

Juu ya joto, wengi huilaumu bure. Kwenye menyu kuna mpangilio wa kikomo cha joto cha kujizima, na unatoka kiwandani ukiwa wa kawaida. Uweke wa juu kabla ya kurekodi ibada. Vuta skrini itoke mgongoni mwa bodi, weka kamera kivulini, na tumia stendi badala ya mkono.

Taa za kumbi zetu

Umeme wa Kenya ni hezi 50, hivyo taa za kawaida hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa video tumia fremu 25 au 50, na shata 1/50 au 1/100. Kamera iliyotoka Marekani au Japani mara nyingi huja imewekwa kwenye mfumo wa fremu 30, na hapo ndipo video ya kanisani inapocheza mawimbi huku mwenyewe akiilaumu lenzi. Badilisha kuwa PAL, mfumo wa fremu 25 na 50, kwenye menyu kabla ya lolote.

Taa za jukwaani na skrini kubwa za LED ni habari nyingine. Hizo hupepesa kwa kasi kubwa zaidi, na 1/100 pekee haitoshi. R6 Mark II na Z6III zina menyu ya kurekebisha shata kwa desimali, kwa mfano kuipeleka kutoka 1/100 kidogokidogo huku ukitazama mistari ikififia kwenye skrini. Fanya hivyo wakati wa kupima vipaza sauti, watu hawajaingia. Kwa picha za kawaida, shata ya kimitambo huondoa sehemu kubwa ya tatizo kwenye bodi zote tatu.

Zile mpya zaidi

Novemba 2025 Canon ilitoa R6 Mark III ya megapikseli 32.5, na Desemba Sony ikajibu kwa A7 V ya megapikseli 33, sasa ikiwa na kihisi cha tabaka kwa sehemu kama kile cha Nikon. Canon imerekebisha tundu la HDMI kuwa kubwa na kuweka CFexpress kwenye tundu moja la kadi. Sony imeondoa ule ukataji wa 4K ya fremu 60. Kwenye karatasi zote mbili zinatibu baadhi ya kasoro tulizozitaja. Hata hivyo, maoni yetu kuhusu toleo lolote jipya ni yaleyale: ngoja miezi sita. Kipindi hicho ndicho kinachotoa tangazo la namba tambulishi na toleo la pili la programu ya ndani, na mtu wa Tokyo anapeleka kamera yake kukaguliwa kwa treni wakati wewe unaihesabia usafiri, forodha na wiki kadhaa bila kazi.

Neno kwa wenye bajeti ndogo: Canon R50 ni kamera nzuri ya kuanzia, lakini kiti chake cha flashi hakina ile pini ya kati ya kawaida. Flashi za zamani za Canon zinahitaji adapta ya AD-E1, na vitumaji vya bei nafuu vya kuwasha flashi kwa mbali, vinavyotegemea pini moja, havitafanya kazi. Kwa anayepanga kupiga picha za studio, hilo pekee linatosha kumpeleka kwenye modeli nyingine.

Kukagua dukani

Beba lenzi yako nzito, kadi mbili na kompyuta ndogo ukiweza. Anza na namba tambulishi: iliyo chini ya bodi, ya kwenye boksi na ya kwenye karatasi ya dhamana ziwe moja. Uliza dhamana ni ya eneo gani na nani hasa anayetengeneza, maana dhamana ya duka na dhamana ya kampuni si kitu kimoja. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na hakuna fundi wa kuibadilisha kihalali, kwa hiyo washa na utafute lugha kabla ya kujadili bei.

Funga lenzi, izungushe hadi isikike imejifunga, kisha ijaribu kuitikisa. Ikicheza au ikikataa, rudisha. Shika vishikio vya mkanda uvizungushe kwa vidole. Piga ukuta mweupe kwa f/16, ISO 100, fokasi ikiwa imepotezwa makusudi, na ukuze picha hadi asilimia 100 uzunguke kona zote. Vumbi la kawaida linapulizika; doa la mviringo lisilopulizika huenda ni mafuta. Funika lenzi, piga sekunde 30, tafuta nukta za rangi. Nikon na Sony zina menyu ya kuzifuta, na Canon mara nyingi hujirekebisha ukiingia kwenye usafishaji wa kihisi wa mkono na kusubiri dakika moja.

Chini ya taa za duka lenyewe, piga shata ya kielektroniki kwa 1/1000 ili ujue mistari inaanzia wapi. Rekodi 4K ya ubora utakaoutumia hadi kama dakika 20 ukiendelea na maswali mengine. Jaribu matundu yote ya kadi, moja baada ya jingine. Kadi bandia ni nyingi, na programu ya H2testw kwenye Windows itajaza kadi na kuisoma yote. Kadi ya GB 128 inayoanza kutoa makosa ikifika GB 30 irudi kwa mwenyewe. Kwenye bodi ya mtumba angalia afya ya betri: Canon huonyesha vijiti vya uwezo wa kuchaji, Nikon huipa umri kutoka 0 hadi 4, na betri ikifika 3 hesabu bei ya nyingine.

Kwa mwenye lenzi za EF, R6 Mark II ndiyo pesa iliyotumika vizuri. Kwa mwenye kuishi kwa video na anayejua kupima mwanga, Z6III. A7 IV ichukuliwe na anayeanza bila lenzi hata moja, ikiwa bei yake imeshuka chini ya zile mbili na hatapiga picha za michezo. Bei ikiwa sawa na ya Z6III, haina haja. Na risiti iandikwe namba tambulishi pamoja na siku za kurudisha, kwa maandishi, iwe na muhuri wa duka.